Kichupa cha Dozi Kumi

Jumatano, 20 Septemba 2023, usiku

Kesho tunaanza. Mchana tumegawiwa vifaa: masanduku ya kubebea chanjo, barafu, kalamu za wino wa vidoleni, chaki ya kuandika milangoni na fomu za kujumlisha. Timu yangu tuko watatu: mimi, kijana wa kuandika, na mama mmoja wa Kasingirima, hapa Ujiji, anayejulikana kila uchochoro. Huyo wa tatu ndiye ufunguo wetu. Mlango ambao mimi ningebisha hadi jioni, yeye akisema tu "Hodi, ni mie," unafunguka.

Ni siku nne, mikoa sita: Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya. Kila mtoto aliye chini ya miaka minane apate matone mawili ya polio. Kwa jumla ni zaidi ya watoto milioni 3.

Kijana ameniuliza: "Mama, si tuliambiwa polio imekwisha Tanzania?" Nikamwambia ndiyo, mgonjwa wetu wa mwisho wa polio ya asili alikuwa mwaka 1996. Hii iliyompata mtoto wa Sumbawanga mwaka huu ni ya namna nyingine. Chanjo ya matone ina kirusi kilichodhoofishwa, na mtoto aliyechanjwa hukitoa kwa njia ya choo. Watoto wa jirani wakiwa wamechanjwa, kirusi kinakosa pa kwenda, kinakufa. Wakiwa hawajachanjwa, kinapita kwa huyu na yule, miezi na miezi, kinarudiwa na ukali wake kidogo kidogo, mpaka siku moja kinampoozesha mtoto. Mahali kinapopatia nguvu ni kwa wale tuliowaruka.

Burundi ilitangaza polio mwezi Machi, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 30. Kivu Kusini nako ipo. Rukwa, Burundi, Kivu Kusini na sisi, wote tunachota maji ya ziwa moja na boti zetu zinatia nanga kwenye mialo ya wenzetu. Nimemwambia kijana: usiifikirie mipaka, fikiria boti.

Alhamisi, 21 Septemba

Miguu inawaka. Tumepita Kasingirima yote ya chini na kipande cha Rubuga.

Watoto wakubwa wanajileta wenyewe, wanakimbilia wino. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikishapakwa, wanakiinua juu kama wamepewa zawadi. Wadogo ndio kazi. Unabana mashavu kwa vidole viwili, mdomo unafunguka kama wa kifaranga, moja, mbili, unasubiri ameze.

Nyumba moja ya vyumba vya kupanga, chumba cha uani. Mama kijana, kanga kifuani, mikono inanuka dagaa. Anaanika dagaa za watu kwa kibarua. Akasema upesi: "Hapa hakuna watoto." Mwenzangu wa Kasingirima hakujibu. Alikuwa anatazama chini, na mimi nikafuata macho yake. Kando ya mlango palikuwa na kandambili mbili ndogo za bluu, moja imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Hatukusema neno juu ya zile kandambili. Mwenzangu akaomba maji ya kunywa, akaketi kwenye kizingiti, wakaanza kuulizana ya dagaa, bei ya leo, na jua lisilokaa. Mimi nikafunga fomu nikaiweka kwenye mkoba. Ilikuwa wazi kwangu anachokiogopa. Karatasi na kalamu, kwa mtu asiye na kibali, ni Uhamiaji. Nikamwambia: "Mwanangu, sisi ni watu wa matone. Karatasi hii inachorwa vijiti tu, kijiti kimoja mtoto mmoja. Haina pahali pa kuandika jina wala nchi." Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaita kwa Kibembe, pazia likasogea, wakatoka wawili.

Wa kwanza ana kama miaka minne, ndiye mwenye kandambili. Wa pili amebebwa naye mgongoni, dume la miezi kumi na moja. Wote nimewapa. Nikauliza huyu mdogo kama alishachomwa sindano ya surua. "Fishi yake ilibaki Baraka, mama." Fishi ndiyo kadi kwao Kongo. Sindano yoyote? Hapana, walikimbia kabla.

Nami leo sina kitu mkononi ila matone. Surua ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa huyu mtoto. Kongo, tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Mgonjwa wake akitoka chumbani, hewa ya chumba hicho inaweza kuambukiza hata saa mbili baadaye. Inataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ndipo ikose njia. Nikamwambia amlete kliniki Jumanne, ni bure, hakuna atakayemdai kadi. Akasema, "Nitamleta."

Naijua sauti ile. Ni sauti ya mtu anayekuaga kwa heshima.

Ijumaa, 22 Septemba

Asubuhi mwaloni. Nilidhani tutajaza fomu mbili kwa saa moja. Tumepata watoto wachache mno, na vibanda vingi vimefungwa kwa kamba.

Mzee mmoja alikuwa anatia viraka nyavu kwenye kivuli cha boti. Tulipomwamkia shikamoo aliitikia bila kuinua uso, kisha akasema: "Mmekuja mwezi ukiwa mchanga. Nani mtamkuta?"

Nikaketi mchangani, nikamwomba anieleze. Miaka yote hii naishi Ujiji, nakula migebuka na dagaa, na sikuwahi kumwuliza mvuvi ratiba yake. Dagaa hufuata taa. Taa ina nguvu penye giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linakuwa na mwanga, samaki hawakusanyiki, mafuta na betri vinaliwa bure. Kwa hiyo siku za giza wavuvi wanahamia kambini, kule kusini na kule juu kaskazini, na wake wanawafuata kuanika, na watoto wanafuata mama zao. Usiku wa leo, alisema, mwezi utazama kama saa sita, na boti zitaingia majini baada ya hapo. Kila siku mwezi utachelewa zaidi kuzama, mpaka Ijumaa ijayo ujae kabisa. Hapo wanavuta boti pwani, wanashona nyavu, wanalipa madeni, wanalala na wake zao. "Na safari hii," akasema, "kuna Maulidi katikati. Hata wa Kongo watakuwa hapa."

Akamaliza fundo, akakata uzi kwa meno. "Ninyi kalenda yenu iko ukutani. Yetu iko juu."

Nimeandika kiganjani: 29.

Tumeswali Ijumaa, tukarudi kazini hadi magharibi.

Jumamosi, 23 Septemba

Kibirizi, kwenye boti za abiria za kaskazini. Tumesimama pale tangu boti ya kwanza, kila mtoto aliyeshushwa tunamtazama kidole. Mama mmoja aliyetoka Kagunga aliposikia najitambulisha kuwa nesi alinishika mkono, hakuuachia. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Watu wa Kagunga wananielewa, nami nawaelewa.

Mei 2015. Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, mpakani kabisa na Burundi, na makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikuwa wamelala kwenye ule mchanga wakisubiri meli. Meli yenyewe ni Liemba, ile iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa na kurudishwa kazini 1927. Ilikuwa inabeba watu mia sita kwa safari, haiwezi hata kusogea ufukweni, wanapelekwa kwa mitumbwi. Kipindupindu hakikusubiri meli. Katika wiki chache wagonjwa walifika kama 3,000, na waliokufa walikuwa 31, wawili kati yao Watanzania. Nilikuwa Uwanja wa Lake Tanganyika, mahali walipopokewa kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Nilijifunza pale kwamba ugonjwa unaotoka kwa mgeni na ugonjwa unaotoka kwa mwenyeji ni kitu kimoja, maana choo ni kile kile na bomba ni lile lile.

Juni yake chanjo ya kipindupindu ya kunywa ikafika Nyarugusu, dozi mbili. Nakumbuka foleni. Hakuna aliyelazimishwa. Watu waliokuwa wameona kifo cha namna ile kwa macho yao hawakuhitaji hotuba. Tena kambini chanjo inapatikana. Mtu akishaandikishwa ana namba, ana kadi, ana siku. Ninaowawazia mimi ni ambao hawakwenda kambini: waliofikia kwa shangazi hapa Ujiji, waliopanga chumba cha uani, waliopata kibarua cha dagaa. Hao hawamo katika hesabu ya kambi, na katika hesabu ya mtaa wamo nusu nusu.

Jumapili, 24 Septemba, usiku wa manane

Siku ya mwisho imekwisha. Fomu zimekabidhiwa, vichupa vimehesabiwa kimoja kimoja, vilivyotumika na visivyotumika, vyote vimerudi. Wenzangu wamefurahi na mimi nimefurahi nao. Lakini usingizi umekataa, na ninajua sababu. Ni zile kandambili.

Sijawahi kuliandika hili.

Ilikuwa 1997. Vita vya Kongo vilikuwa vimewavusha watu tangu mwishoni mwa 1996, boti baada ya boti. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, kwenye zahanati ambayo siitaji. Siku ya chanjo ya surua ilikuwa Jumanne. Akaja mama siku ya Jumatano, ametoka mwaloni kwa miguu, na mtoto mmoja. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri lakini aliniita mama.

Kichupa cha surua ni cha dozi kumi. Ni unga mkavu, hautumiki mpaka uchanganywe na maji yake. Ukishachanganya una saa sita, kisha kilichobaki kinatupwa, hata kama ni dozi tisa. Tulikuwa tunahesabiwa dozi zilizotupwa, na aliyetupa nyingi aliulizwa mbele ya wenzake. Niliogopa swali lile. Nikamwambia yule mama arudi Jumanne, watoto wakiwa wengi.

Chanjo ilikuwepo. Jokofu lilikuwa linafanya kazi. Sindano zilikuwepo. Mtoto alikuwepo, mbele yangu, mzima, ananyonya kidole.

Jumanne hakuja. Huenda Jumanne ile alikuwa kambi ya wavuvi, siku za giza. Hilo nimelifikiria Ijumaa, nikiwa nimeketi mchangani na yule mzee, baada ya miaka ishirini na sita. Alirudi wiki tatu baadaye. Macho ya mtoto mekundu, yanatoka maji, vipele vimeanzia nyuma ya masikio vimeshuka hadi tumboni, na mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia juu ya surua. Alikufa kabla ya adhuhuri. Mama yake hakunilaumu. Aliniomba tu kitambaa cha kumfunika.

Sikuwahi kumwuliza jina lake wala la mtoto.

Kanuni inasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na asiye na kumbukumbu ahesabiwe kuwa hajachanjwa, aanziwe, kwa kuwa dozi ya ziada haimdhuru. Tunayajua haya. Lakini bado nawasikia manesi vijana wakiwaambia kina mama, "Subiri wafike wengine." Wanalisema kwa uangalifu mwema, wanaitunza mali ya umma. Nami nililisema kwa uangalifu huo huo.

Jumanne, 26 Septemba

Kliniki ya leo nimekaa mlangoni tangu saa mbili. Hakuja.

Nimemwendea mkubwa wangu wa kazi, nikamwomba huduma ya mkoba Ijumaa, mwaloni, yenye chanjo zote za kawaida. Akasema mwaloni tumetoka juzi. Nikamweleza mwezi. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa furaha, akasema babu yake alikuwa mvuvi na hakuwahi kulifikiria. Nimepata sanduku, meza na kijana wangu.

Nikirudi nimepita kwenye mwembe wa Livingstone. Wageni wanaonyeshwa mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Mimi nikipita pale nawaza misafara: pembe, watumwa, chumvi, na ndui ikitembea katikati yao kutoka pwani hadi Umanyema na kurudi. Bibi yake bibi yangu alivushwa ziwa hili. Nusu ya Ujiji tumetoka ng'ambo, Wamanyema, Wabwari, Wagoma, Wabembe, na hakuna hata mmoja wa wazee wetu aliyefika na fishi.

Ndui yenyewe ilimalizikia kwa watu wanaotembea. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya asili alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Oktoba 1977. Alipanda gari moja na watoto wawili wagonjwa wa jamii ya wahamaji, awaonyeshe dereva na wenzake njia. Alifanya kazi hospitalini, na bado chanjo ilikuwa imempita. Alipona, na baadaye akawa anazunguka Somalia kuwasihi wazazi wapokee matone ya polio. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo. Ili kuimaliza ndui ilibidi wachanjaji wawafuate wahamaji jangwani, kisima hadi kisima. Sisi tuna kazi nyepesi kuliko wao. Wahamaji wetu wanarudi wenyewe kila mwezi mpevu.

Ijumaa, 29 Septemba

Naandika nje, bila taa. Mwezi umejaa, hata mistari ya daftari naiona.

Maulidi yamekwisha jana, mji bado unanukia ubani. Mwaloni boti zimelala mchangani ubavu kwa ubavu, taa zimefungwa kwenye magunia, wanaume wanashona nyavu, redio zinalia. Vibanda vya kamba vyote viko wazi. Tumeweka meza chini ya mti.

Saa tatu kasoro alikuja wa kwanza. Sikuamini. Mwenzangu wa Kasingirima alikuwa amemfuata nyumbani, akamshika mkono kama mtu na mdogo wake, akamleta. Kandambili ya bluu inatangulia, dume la miezi kumi na moja liko mgongoni kwa mama yake.

Kijana akaninong'oneza, kwa adabu: "Mama, ni mmoja. Tusubiri kidogo wafike wengine? Kichupa ni dozi kumi."

Nimechukua kichupa cha surua na rubela kutoka kwenye barafu. Nikamwonyesha kile kimraba kidogo kwenye alama ya joto, kingali cheupe ndani ya duara lake. Kingekuwa na rangi sawa na duara tungekitupa. Nikavuta maji yake, nikayaingiza pole pole, nikakizungusha mpaka unga wote ukayeyuka. Nikaandika juu yake saa: 3:05. Mpaka 9:05. Kijana alitazama, akanyamaza. Nikachoma mkono wa kushoto. Mtoto alilia kilio kimoja kikubwa, kisha akaona mkufu wangu akanyamaza.

Nimempa na nyingine alizostahili, pamoja na ile ya polio ya sindano. Nimemwandikia kadi mpya. Mama aliishika kwa mikono miwili.

Baada yake walikuja wengine, maana kilio cha mtoto mwaloni ni tangazo. Kufikia saa tisa wa surua walikuwa saba. Dozi tatu zimebaki, nimezitupa. Nimezijaza kwenye fomu: tatu. Mkono haukutetemeka.

Nilitaka kumwandikia tarehe ya dozi ya pili. Anatimiza miezi kumi na minane mwezi Aprili. Mkono wangu ulikuwa tayari kuandika Jumanne, kwa mazoea. Nikamwita yule mzee wa nyavu, nikamwomba anihesabie. Alihesabu kwa vidole, mwezi mpevu ujao, na mwingine, na mwingine, mara saba, akasema: "Itaangukia siku ya ishirini na nne, au usiku wake." Nimeandika 24/4/2024.

Mama akanyamaza akiitazama ile tarehe. Hasomi. Basi pembeni yake nimechora duara, nikalijaza wino wote.

"Ukiuona hivi," nimemwambia, "mara ya saba."

Akaweka kidole juu ya duara. "Nitamleta," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.